Mashine Iliyoitwa Makande

Mimi sikumpenda Naftali kwa uzuri. Hakuwa nao. Shati lake lilinuka grisi hata likitoka kuanikwa, na kwa ubahili, Mungu anisamehe, alikuwa Mpare kamili. Msumari ukipinda ataunyoosha, ukipinda tena ataunyoosha tena, mpaka msumari wenyewe uombe kufa. Nilimpenda kwa sababu alikuwa akishika kitu kilichokufa kinaamka. Hilo nililiona kwa macho yangu, na zamani zile vitu vilivyokufa vilikuwa vingi.

Jina langu Stumai. Baba yangu alitoka Handeni kuja kukata mkonge uwandani huku Same, nikazaliwa kambini, nikakulia kambini, nikadhani dunia yote ni mistari ya mkonge na milima ya Upare nyuma yake. Naftali alishuka kutoka Shighatini, kwao Ugweno. Kwao ni wahunzi. Baba yake alifua majembe na visu, na mzee alipofariki, kaka mkubwa, Hezroni, ndiye aliyerithi nyundo na mvukuto pamoja na kihamba, shamba la migomba la ukoo. Naftali alirithi ujuzi na njaa. Akaja kiwandani kwetu kwa mkonge, wakampa karakana, na mimi nikapata mume Mlutheri huku mama yangu akilia na kusema amepoteza mtoto. Hakupoteza mtoto. Alipata mkwe aliyemtengenezea taa, jiko na mguu wa kitanda bila kudai hata asante.

Sasa nieleze kuhusu korona. Vijana wakisikia neno hilo wanafikiri ugonjwa, lakini sisi watu wa mkonge tulikuwa nalo zamani sana kabla ugonjwa haujaliiba. Korona ni mashine ya kukamulia mkonge. Jani linaingia upande huu likiwa bichi na nene, ndani kuna ngoma kubwa ya chuma yenye mapanga butu inazunguka na kupiga, inaondoa nyama yote ya jani, na upande wa pili zinatoka singa, zile nyuzi nyeupe mnazosukia kamba. Kelele yake ilisikika mpaka kambini. Tulilala nayo na kuamka nayo.

Na korona yetu ilikuwa haizimwi. Siyo kwamba haikuwezekana kuzimwa, ila ni nani angethubutu? Miaka ile ya themanini mwanzoni hapakuwa na kitu nchini. Tulifulia majani ya mpapai, khanga moja wanawake wawili tulipeana zamu ya kwenda msibani. Spea za injini hazikuja. Stata ilikufa, klachi ikafuata, ikawa injini ikizimika lazima ivutwe na trekta ndipo iwake, na trekta lenyewe lisubiri dizeli, na dizeli isubiri miujiza. Ikizimika asubuhi, watu wote wamekosa kipande chao siku hiyo, maana hakuna kazi iliyohesabiwa. Kwa hiyo mnyapara alikuwa anatembea akisema, korona haizimwi, na sisi wake tulisema nyumbani, na watoto waliimba wakiruka kamba.

Tatizo ni singa. Kila mara zinatoroka kidogo, zinazonga rodi ya ngoma, zinajisokota na kukaza mpaka ngoma inaanza kulia. Mahali pengine watu wangezima, wakate, wasafishe, wawashe tena. Kwetu Naftali alikuwa anaingiza mkono. Alisubiri ngoma ipige mlio fulani anaoujua mwenyewe, anadaka ule mkia wa singa, anavuta kwa nguvu moja kinyume cha mzunguko, zinachomoka zote. Kufumba na kufumbua. Watu walikuwa wanasimama kutazama. Method, kijana wa kutoka Bukoba aliyekuwa akilisha majani kwenye korona ileile, alisema mkono wa Naftali una akili kuliko kichwa chake. Tulicheka sana, hata mimi nilicheka.

Siku moja ngoma ikamnyang'anya vidole viwili vya mkono wa kushoto. Korona haikuzimwa. Walimfunga kitambaa, Method akashika nafasi yake mpaka zamu ikaisha, na kesho yake meneja akaja kambini na blanketi jipya akamsifu mbele ya watu kwamba huyu ndiye mfanyakazi. Nilitaka kumtupia lile blanketi usoni. Lakini blanketi jipya wakati ule, nani alikuwa nalo? Tulijifunika.

Basi hali ikabadilika. Wakasema sasa ni soko huria, kila mtu aingize anachotaka. Maduka ya Same yakajaa sabuni za rangi zote, mitumba ikamwagwa sokoni kwa marobota, spea zikaja mpaka za magari ambayo hatujawahi kuyaona. Nilifurahi, sitadanganya, nilinunua sabuni nikainusa kama mwendawazimu. Lakini kamba za nailoni nazo zikaja, bei ya mkonge ikaanguka, na shamba likatangaza kupunguza watu. Walianza na wazee, wakaja kwa wagonjwa, mwisho wakamaliza wote. Korona ikazimwa siku hiyo kwa mkono wa karani mmoja asiyejua hata inafanyaje kazi. Naftali alikuwa amesimama pale. Aliniambia alisikia masikio yanamuuma kwa ule ukimya.

Hili ndilo linalonichoma mpaka leo. Walipokuwa hawana kitu, walikuwa na Naftali. Walipopata kila kitu, Naftali wa nini?

Tukatolewa kambini, tukahamia Same mjini, chumba kimoja nyuma ya soko. Binti yetu Yudith tulikuwa tumempeleka Shighatini kwa bibi yake asome. Mimi nikaanza kuuza tangawizi inayoshuka kutoka Mamba milimani, na Naftali akaanza kuzunguka kwenye karakana za watu. Kila alikoenda walimtazama mkono kwanza, ndipo usoni. Halafu wanamuuliza kama anajua kuchomelea. Maana sasa kila mwenye nyumba alitaka grili za madirisha na geti la chuma, na kazi hiyo ni ya mashine ya umeme ya kuchomelea. Naftali aliunga vyuma kwa ribiti, kwa moto na nyundo, alivyofundishwa na baba yake. Kazi yake haikuachia kamwe, lakini nani atasubiri? Fundi asiye na mashine ya kuchomelea alikuwa si fundi, ni mpiga soga.

Akaacha kuzunguka. Akawa anakaa kitandani tangu asubuhi, viatu amevaa, anatazama ukuta. Niliongea mpaka mdomo ukakauka. Kaka yake Hezroni akatuma salamu kwamba arudi nyumbani, kuna pembe ya kihamba, na mvukuto unahitaji mtu wa kuupuliza. Naftali akakataa. Kazi ya kupuliza mvukuto kwao hupewa mtoto anayejifunza.

"Ng'ombe akivunjika guu hurejea zizini," aliniambia. "Mimi guu langu zima, Mama Yudith. Nikipata ile mashine tu, nitasimama."

Alikuwa na mashine ya kuchomelea kichwani kama wengine wanavyokuwa na mwanamke. Na mimi nikawa ninaiombea, Mwislamu naombea mashine, kwa sababu niliona kabisa kwamba asipoipata atanifia palepale kitandani, viatu mguuni.

Yahaya ndiye aliyetuletea balaa, au baraka, mtaamua wenyewe. Yahaya alikuwa na banda la video karibu na stendi. Siku moja akapata mkanda kutoka kwa shemeji yake aliyeko Ulaya, na ndani yake Wazungu wazima, na akili zao, wanapiganisha mashine ndogo zinazotembea zenyewe. Roboti. Moja ina nyundo, nyingine ina msumeno, zinagongana mpaka moja ife. Same nzima ilihamia kwenye lile banda. Naftali naye alikwenda, na aliporudi alikuwa anacheka. Sikumbuki mara ya mwisho nilikuwa nimemwona anacheka.

Yahaya hakuwa mjinga. Akaona mkanda umewachosha watu, akatangaza kwamba atafanya pambano lake mwenyewe uani nyuma ya banda, siku ya soko. Anayeweza kuunda mashine ya kupigana alete. Zawadi ni mashine ya kuchomelea. Alikuwa ameivusha kutoka Taveta akitegemea kuiuza, ikamkalia, maana wenye fedha walikuwa na mashine tayari na wasio na fedha hawana cha kununulia. Kusikia hivyo tu, mume wangu akavua viatu, akalala usingizi mzito, na asubuhi akaamka na kuanza kazi.

Mnaniuliza mtu asiye na senti anaundaje roboti? Anamwibia mkewe. Alianza na sinia langu la harusi, akasema bati lake ni zuri. Tukagombana. Akachukua vyuma vya kitanda, tukalala chini. Kando ya barabara kuu kulikuwa na lori bovu lililotelekezwa muda mrefu, akamtafuta mwenyewe, akamtengenezea majiko yake yote ya mafuta ya taa, akaruhusiwa kuchukua anachoweza kukifungua. Akarudi na mota mbili za waipa, hizo zikawa miguu. Akarudi na stata, hiyo ikawa nguvu. Akarudi na springi. Magurudumu aliyakata kwenye tairi kuukuu. Betri ilikuwa ya gari, imechoka, na Method ndiye aliyekuwa akituchajia bure, kwa sababu baada ya kupunguzwa naye alikuwa amefungua kibanda cha kuchaji betri pale stendi. Naftali akachimba tanuri dogo nyuma ya nyumba, akafunga feni ya rimu ya baiskeli badala ya mvukuto, akafua zile springi kuwa mapanga butu na kuyafunga kwa ribiti kwenye kipande cha bomba nene. Nilimkuta amechuchumaa pale, jasho linamtoka, anaimba Kigweno. Nilirudi ndani nikalia kidogo kwa furaha, halafu nikamwita aje kula.

Nilipokitazama kile kitu nikasema hii ni makande. Mahindi yake, maharage yake, kila kilichopatikana kimetupwa chunguni. Jina likabaki. Makande haikuwa kubwa kuliko kobe wa porini, lakini nzito, na mbele yake lile bomba la mapanga, ndiyo ngoma yake.

Iliongozwa kwa waya mrefu. Waya uliishia kwenye kisanduku cha mbao alichokivaa shingoni kwa kamba, kikatulia kifuani. Kwenye kisanduku mkono wa kulia ulicheza na swichi za miguu, na mkono wa kushoto uliwasha ngoma. Mwanzo aliweka kitufe cha kengele ya mlangoni. Ukibonyeza ngoma inazunguka, ukiachia inasimama. Lakini mkono wake wa kushoto, ule wa vidole vitatu, ulichoka upesi, ukawa unateleza. Akakitoa. Akaweka swichi ya taa ya ukutani, ile unayoisukuma mara moja na inabaki hapohapo. Alifurahi sana kwa wazo hilo. Nami nilimsifu, kwa nini nisimsifu?

Siku ya kuijaribu niliweka boga mbele yake. Akawasha. Ngoma ikaanza taratibu, ikapanda, ikapiga ule mlio, nikajikuta nimerudi kambini. Makande ikaliendea boga. Tulikuta mbegu mpaka kwenye paa la jirani. Nilicheka mpaka nikakaa chini, halafu nikaogopa, nikamwambia Baba Yudith, hiki ni kitu cha kuua. Akasema hapana, ni kitu cha kutupatia kazi.

Method alikuja jioni ile kurudisha betri. Method alikuwa mtu wetu, amekula kwangu miaka. Aliizunguka Makande, akainama, akaitazama ile ngoma muda mrefu.

"Kaka, umetengeneza korona," alisema.

Naftali akacheka kwa fahari. Hakuuliza kwa nini Method anaitazama hivyo. Tulikuwa hatujui kwamba na yeye anaunda yake. Baadaye watu walisema alituficha kwa hila. Mimi siamini. Method alikuwa na mke mgonjwa na watoto wadogo, na ile mashine ya kuchomelea na yeye alikuwa anaiota. Njaa ikiingia nyumba mbili, salamu hupungua, basi.

Siku ya soko uani kwa Yahaya hapakuwa na pa kuweka mguu. Amezungushia mbao na mabati chakavu, watoto wako juu ya ukuta, upepo wa Same unatupiga vumbi kama kawaida yake. Yahaya akapanda juu ya kreti akatoa sheria zake. Mashine ikikwama, mwenyewe anaruhusiwa kuingia kuikwamua, lakini iwe inaunguruma. Mashine iliyozimwa imekufa. Watu wakashangilia. Mimi nilishangilia pia, maana hiyo sheria nilikuwa nimeikulia, niliisikia kama jambo la kawaida kabisa.

Zilikuwa mashine chache. Ya mafundi redio wa stendi ilikuwa na nyundo nzuri, Makande ikaipiga mara moja ikageuka na kufa chali. Ya tatu haikuwaka kabisa, mwenyewe akaondoka nayo kwapani. Ikabaki ya Method. Aliiita Mnyapara, watu wa mkonge waliokuwepo wakaangua kicheko. Ilikuwa ni mtungi wa gesi uliokatwa katikati na kufunikwa chini, hauna silaha yoyote. Ila nyuma na ubavuni ulikuwa umevikwa singa. Singa kavu, ndefu, nyeupe, alizozichambua kwenye ghala la kiwanda kilichokufa. Mnyapara alitembea akizikokota kama bibi harusi. Wote walicheka. Naftali hakucheka. Alikuwa anazitazama zile singa.

Wakaanza. Makande ikampiga Mnyapara kwenye bati, cheche zikaruka, Mnyapara akageuka tu na kumpa mgongo. Naftali akajaribu kuzunguka kutafuta mahali pasipo na singa, Method naye akawa anageuka naye. Mwisho ngoma ikadaka mkia. Singa zikaingia zote kwa pamoja, zikazonga, zikasokotana na rodi, na ile ngoma ikaanza kulia. Mlio uleule. Makande ikasimama, moshi mwembamba ukatoka kwenye stata. Yahaya akaanza kuhesabu kwa sauti, na watu wote wakahesabu pamoja naye. Wakifika kumi, mashine ya kuchomelea inakwenda kwa Method.

Nilimtazama mume wangu usoni. Hakuwa na hofu. Hapo ndipo nilipoogopa, kwa sababu uso ule niliujua, ndio uso wa kiwandani. Aliruka mbao, akaweka goti juu ya mgongo wa Makande, akainamisha sikio kidogo kusubiri mlio wake, na mkono wa kulia ukaenda. Ulikwenda wenyewe. Mazoea yana taabu, jamani.

Na angefanikiwa. Nawaambia angefanikiwa kama zingekuwa singa mbichi. Zile za kwenye korona zimelowa maji ya jani, zinateleza. Ukikosea zinakuponyoka na unabaki na kiganja chako. Singa kavu haiponyoki. Inang'ata. Alidaka, akavuta kwa nguvu moja kinyume cha mzunguko, ngoma ikaachia na kushika kasi, lakini singa zilikuwa zimeshamzunguka mkono, nazo zikarudi na ngoma.

Sitasimulia sauti yake. Method ndiye aliyefika wa kwanza. Kabla hajaruka alivuta waya za mashine yake mwenyewe akazing'oa, Mnyapara akafa palepale, halafu akamrukia Naftali na kusukuma ile swichi ya taa kifuani pake. Ngoma ikasimama. Ukasikika upepo.

Hospitali walimkata vidole vyote vinne vya mkono wa kulia, wakamwachia dole gumba. Nilikaa naye. Siku za mwanzo alikuwa anatazama dari. Kisha akaniuliza jambo, na aliniuliza taratibu kabisa, kama mtu anayeuliza funguo ameweka wapi.

"Mama Yudith, swichi ilikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Shingoni kwako."

Alifumba macho. Miaka yote kiwandani alikuwa hajawahi kuwa na swichi karibu naye, na siku alipojitengenezea yake mwenyewe, akaivaa kifuani, hakukumbuka kama ipo. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni. Niliyafuta kwa khanga.

Method alikuja na machungwa. Alisimama mlangoni hataki kuingia, mpaka nikamwambia ingia, usitutie nuksi.

"Shemeji, nilijua zitazonga," alisema, hamtazami Naftali, ananitazama mimi. "Hilo nilijua. Lakini nilidhani atazima. Wallahi nilidhani atazima tu, nishinde, tuondoke."

Method ni Mkatoliki, na aliapa kwa Wallahi kwa ajili yangu. Nilitaka kumpiga. Nilikuwa nimejiandaa kumpiga tangu siku ile, maneno yote niliyapanga. Lakini Naftali akamwambia akae kitandani, akamuuliza singa zile alizikuta ghala lipi, na kama bado zipo nyingi. Wakaongea habari za kiwanda kama wazee wawili. Method alipoondoka sikuwa nimemwambia neno hata moja, na machungwa tuliyala.

Sasa mnataka kujua nani alishinda. Kwa sheria ya Yahaya, mashine iliyozimwa imekufa, na iliyozimwa kwanza ni ya Method, alipong'oa waya zake ili aje kumwokoa mwenzake. Makande ilikuwa bado inazunguka. Yahaya alileta ile mashine ya kuchomelea mlangoni kwangu kwa mkokoteni, watu wanamfuata nyuma. Nilimtukana. Nilimtukana yeye, mama yake, shemeji yake wa Ulaya na mkanda wake. Alisimama akapokea yote, halafu akaishusha polepole, akaniomba radhi na kuondoka. Yahaya hakuwa mtu mbaya, ila nilihitaji mtu wa kumtukana.

Basi ikakaa ndani, pale kilipokuwa kitanda. Naftali alikuwa ameitaka kuliko chochote, na sasa ameipata, na hana mkono wa kuishikia. Alikuwa anaitazama, anageuka ukutani. Hezroni akashuka kutoka Shighatini, akasema iuzwe, twende nyumbani. Niliona Naftali anafungua mdomo ili akubali. Nikasema hapana. Nikasema shemeji, mashine hii imekula vidole vinne vya mume wangu, haitoki humu mpaka ivilipe. Hezroni alinitazama kama anavyotazamwa mwanamke aliyechanganyikiwa, akaondoka na mkaa aliokuwa ameununulia kazi yake ya uhunzi.

Nilijifunza mimi. Wanaume wa soko walicheka, mke wa mtu, Mswahili wa Handeni, na miwani nyeusi. Naftali alikaa kwenye kigoda akinielekeza kwa mdomo, sogeza, inua, usikimbie, sikiliza. Ndiyo, kuchomelea kunasikilizwa, mlio mzuri ni kama mafuta yanakaanga. Geti langu la kwanza lilipinda, hata kuku alipita. La pili lilisimama. Yudith alirudi kwetu na kusoma hapa Same kwa grili za madirisha. Sina la zaidi la kujivunia, na macho yangu sasa yameanza kuisha.

Naftali ana kazi yake. Swichi kubwa ya umeme iko ukutani pembeni ya kigoda, na ni yeye peke yake anayeigusa, kwa kiwiko. Nikiinua kichwa anazima. Nikikohoa anazima. Siku nyingine anazima niko katikati ya kazi, hakuna aliyeita, hakuna kilichokwama, chuma bado chekundu, namwona ameganda pale, kiwiko juu ya swichi, anatazama mikono yangu. Wateja wananuna, wanasema mzee huyu anatupotezea muda. Navua miwani, nasubiri mpaka awashe mwenyewe.